Mtaa Uliojifunza Kutoitikia Salamu

Asubuhi ya mwisho ya maisha yetu ya kawaida niliitumia kubishana na ndugu yangu Sefu juu ya honi ya meli. Tulikuwa na mgeni, mwalimu mwenzangu kutoka bara, amekuja kututembelea nyumbani kwetu Mji wa Kale. Tumeketi kwa mahamri na mbaazi, meli ikapiga honi kule Kilindini, na mgeni wetu akashtuka hadi chai ikammwagikia mapajani. Sefu alicheka mpaka mama yetu akamkemea.

"Kwani nyinyi hamkusikia?" mgeni akauliza huku akijipangusa.

Hatukusikia. Ilibidi nimweleze sababu, maana kueleza ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nikifundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu, na somo la kwanza la kila mwaka lilikuwa hilo: kuzoea. Ni namna duni kabisa ya kujifunza, hata konokono anayo. Ukimgusa hujikunyata ndani ya kombe lake. Ukimgusa tena na tena bila kumdhuru, mwisho hajisumbui. Sisi tumezaliwa chini ya honi za meli, nikamwambia, na masikio yetu yalishaamua zamani kwamba hazituhusu.

"Yaani serikali yakulipa mshahara kusomesha mambo ya makonokono?" Sefu akauliza. Alikuwa karani katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, amefiwa na mke, hana mtoto, na kazi yake ya pili duniani ilikuwa kunikejeli.

"Na wewe umo humo humo," nikamjibu.

Somo langu la pili lilikuwa la kufungamanisha. Kila aliyepita chuo cha ualimu analijua kwa sababu ya yule Mrusi na mbwa wake: kengele inalia, chakula kinakuja, kengele inalia, chakula kinakuja, hatimaye mbwa anadondokwa na mate kwa kengele tupu. Wanafunzi walipenda kumcheka mbwa. Niliwaambia wasiwe na haraka ya kucheka, nikawapa mfano wa mtaani kwetu. Ukipita katika kichochoro chetu ukatoa salamu mbele ya mlango wowote, jibu linatoka ndani kabla aliyeko ndani hajajua amesalimiwa na nani. Jirani yetu Bi Rukia alikuwa akiitikia kutoka jikoni huku anakuna nazi, mdomo ukifanya kazi yake na mikono ikifanya yake. Kutoitikia salamu kwetu ni dhambi na ni utovu wa adabu, na yote mawili tulifundishwa tukiwa wadogo sana, kwa kofi na kwa halua.

Niliringa sana kwa mfano huo. Wiki chache baadaye ulianza kuua watu.

Waliokuwa wakipigana walikuwa pande mbili. Sitazitaja, wala si kwa woga, bali kwa sababu hakuna upande unaostahili wino wangu. Mmoja ulisema unatulinda na mwingine ulisema unatukomboa, na zote mbili zilipanda na viatu juu ya mikeka yetu. Redio iliita jambo lile taharuki. Mheshimiwa mmoja alikuja na msafara wake hadi pale lami inapoishia, hakuthubutu kuingia vichochoroni, akatangaza mbele ya kamera kwamba hali ni shwari, kisha akapandisha kioo cha gari na kuondoka. Sijui yeye angekiita nini kitu ambacho kinakulazimu kumzika mtu wako kwa kukimbia. Mimi nakiita vita.

Siku ya kwanza ya risasi tulijilaza chini ya vitanda, mama naye kwa umri wake na ugonjwa wake wa sukari, akisoma dua. Siku zilizofuata tukahamia ukumbini, mbali na madirisha. Baada ya muda nikamkuta mama amekaa na ungo wake anachagua mchele, milio inasikika upande wa Ngomeni, na mkono wake hausiti hata kidogo. Kwanza nilijivuna, nikadhani huo ni ushujaa. Halafu nikamkumbuka konokono. Mwili huchoka kuogopa, ukaacha, na wenye mwili wakajisifu kwa jambo ambalo hawakulifanya.

Walionichefua zaidi ni wanaume wa barazani. Watu ambao ukiwatuma sokoni hawajui kutofautisha choroko na kunde waligeuka mabingwa wa bunduki. Mlio ukisikika wanainua kidole: huo wa huku, huo wa kule, ule ni wa mbali, hauna neno. Aliyesema hauna neno ndiye aliyeonekana dume. Hata Sefu aliambukizwa.

"Ule wa mbali, dadangu," alikuwa akiniambia. "Nywa kahawa yako."

Nilimwambia kwamba anayesema vile hajui analolisema. Akanicheka, akaniuliza kama konokono naye hunywa kahawa.

Kisha wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wa upande gani, ilikuwa shida kujua. Walivaa namna moja na walitaka vitu vile vile: vijana wa kiume, simu, dhahabu. Mwanzoni walipiga milango kwa vitako vya bunduki. Hilo lilikuwa rahisi kujifunza. Mlango ukipigwa kwa chuma, mtaa mzima unanyamaza, watoto wanazibwa midomo, na wao wanadhani nyumba ni tupu na kusonga mbele, kwa kuwa milango yetu ya kale si ya kuvunjwa kwa teke.

Lakini na wao walikuwa wanajifunza. Baina yao lazima alikuwamo mtu wa pwani, maana mgeni asingeweza kulijua jambo lile. Alasiri moja walikuja taratibu bila kugonga kitu. Wakasimama mmoja mmoja mbele ya milango, wakasema kwa sauti ya upole:

"Assalaamu alaykum."

"Waalaykumu salaam," zikaitika nyumba.

Niliyasikia majibu yale kwa masikio yangu mwenyewe, mlango baada ya mlango, sauti za watu waliojifungia na kujificha, wakijitangaza wenyewe kwamba wamo. Mdomo wangu mimi, mwalimu wa somo lenyewe, ulikuwa umeshafunguka. Sefu aliuziba kwa kiganja.

Siku hiyo walichukuliwa vijana katika nyumba kadhaa. Baadaye watu wazima walikutana msikitini, wakakubaliana kwamba mgeni akisalimu asiitikiwe. Mtu aitikie moyoni, Mungu anasikia. Sauti ya jirani tu ndiyo itakayojibiwa. Walirudi wameridhika na uamuzi wao, kana kwamba wenye bunduki nao hawawezi kukaa kikao.

Mwanzo wa kichochoro chetu aliishi Bwana Yusufali, mwenye duka la vitambaa Biashara Street. Wazee wake walitoka Kachi kule Bara Hindi, yeye alizaliwa papa hapa, na sauti yake ya mkwaruzo hakuna asiyeijua, kwa sababu hakuna ambaye hakuwahi kubishana naye bei ya kanga. Walimtoa nyumbani kwake, wakamwekea mtutu mgongoni, wakampitisha mlango kwa mlango.

"Assalaamu alaykum," akasema mbele ya nyumba ya Bi Rukia. "Ni mimi, Yusufali."

Bi Rukia aliitikia. Akafungua na mlango, maana Yusufali si mtu wa kusemeshwa kupitia mbao. Wakampita wakaingia, wakatoka na Hamisi, mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu ambaye ugomvi wake mkubwa maishani ulikuwa na timu ya mpira. Alikuwa na singlendi na kikoi. Bi Rukia alimfuata hadi nje akiwaambia wamwache angalau avae shati.

Hamisi hakurudi. Hakuna aliyeonyeshwa kaburi.

Nyumba yetu iko mwisho wa kichochoro na siku hiyo hawakuifikia. Yusufali waliachana naye palepale. Alikaa kizingitini kwake hadi magharibi, na haukupita muda akafunga duka, akahamia kwa binti yake Nairobi. Wapo wanaomlaumu hadi leo. Nawadharau. Kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kuwekewa mtutu mgongoni, na wengi wao ni wale wale waliokuwa wakiinua vidole barazani.

Baada ya Hamisi, mtaa ulimaliza masomo yake. Salamu yenyewe ikawa ndiyo kengele. Ikisikika nje, watu ndani wanakakamaa, jasho linawatoka, hata kama sauti ni ya mtu waliyenyonya naye ziwa moja. Nilimwona mama yangu, mwanamke aliyenilamba kofi nilipokuwa mdogo kwa kupita bila kumsalimu jirani, akijikunja kwa neno la amani.

Ni katika siku hizo dawa ya mama ilipoharibika. Alikuwa akidungwa sindano za sukari kila siku, umeme ulikatika, na chupa zilizokuwa ndani ya friji zikaharibika kwa joto. Bila dawa mama asingefika mbali. Alianza kulala ovyo mchana na midomo yake ikakauka. Sefu alisema atakwenda kutafuta. Nikamwambia haendi peke yake, kwa sababu mwanamume aliyefuatana na mwanamke wa buibui mara nyingi aliachiwa apite.

Tulitoka baada ya adhuhuri. Duka la dawa la karibu na Marikiti lilikuwa limefunguliwa nusu. Mwenye duka alitupa chupa mbili, tukazipanga ndani ya chupa ya chai yenye barafu, Sefu akaibeba kwapani.

Kurudi kulikuwa shwari. Sefu alichangamka. Alinihadithia habari ya kontena iliyosahauliwa bandarini hadi vitunguu vilivyokuwamo vikaota, na mimi, ninakiri, nilicheka njiani. Tulipoingia kichochoroni kwetu tukasikia mlio.

Nilisimama.

"Ule wa mbali," Sefu akasema, wala hakuongeza mwendo.

Mlio wa pili ulibomoa chokaa juu ya vichwa vyetu.

Tulikimbia. Kichochoro hapo kimenyooka, hakina kona hadi nyumbani kwetu. Wenye bunduki walikuwa nyuma yetu. Mlango wa karibu ulikuwa wa Bi Rukia.

Sefu aliupiga kwa kiganja.

"Assalaamu alaykum. Bi Rukia, ni mimi Sefu. Niko na dadangu."

Kimya.

Nikasikia ndara zinakuja. Zikasimama nyuma ya mlango. Nikasikia vikuku vyake vikigonga komeo. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo.

"Assalaamu alaykum, mama," Sefu akasema tena.

Komeo halikusogea.

"Tufungulie, Bi Rukia!" nikalia. "Wakuja!"

Nilimsikia anapumua. Baina yetu zilikuwapo mbao tu.

Sefu alinitia ile chupa mikononi, akanisukuma ndani ya daka, pale mlango unapoingia kidogo ukutani, akasimama mbele yangu. Mahali penyewe pana nafasi ya mtu mmoja.

Zilikuwa risasi chache. Aliteleza ukutani akakaa chini, miguu nje, kama mtu aliyechoka kazini.

"Mpe mama," akasema.

Nilimlakinia shahada sikioni. Aliitamka nusu. Nusu ya pili niliitamka mimi.

Wakapita. Mmoja alinitazama, mwanamke wa buibui aliyekumbatia chupa ya chai, akafuata wenzake.

Niliondoka nikamwacha ndugu yangu kichochoroni. Nilifika nyumbani, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikavuta dawa kwenye bomba la sindano, nikamdunga mama. Nilisubiri kidogo nione kama macho yake yanarudi. Yaliporudi ndipo nikamwambia.

Mama aliishi miaka mingine baada ya hapo. Hakuwahi kuniuliza kwa nini tulitoka wawili, na hakuwahi kukubali nimdunge sindano bila kugeuza uso ukutani.

Pande mbili hatimaye zilichoka, au zililipwa, sijui. Wakubwa wao walipeana mikono kwenye runinga, wakakumbatiana, wakala biriani. Wengine leo ni waheshimiwa na wanafungua visima. Yale waliyotufanyia yalipewa jina, wakayaita mivutano ya zamani, na tukaombwa tusonge mbele. Hakuna hata mmoja aliyekuja kichochoroni kwetu kuuliza nani alikufa kwenye mlango gani.

Waliokuja ni wataalamu. Shirika moja lilitukusanya hotelini, wanawake wengi na wanaume wachache, tukapewa maji ya chupa, sambusa, na vibandiko vya majina vifuani tusije tukajisahau sisi ni nani. Mbele yetu alisimama kijana msafi mwenye maneno matamu. Kwenye ukuta akaonyesha picha ya mbwa na kengele.

Nilikaa nikamtazama mbwa. Kijana akatueleza kwamba hofu yetu ni kitu kilichofundishwa, na kilichofundishwa kinaweza kufutwa, ikiwa kengele italia mara nyingi na baya lisitokee. Hakukosea. Ndivyo nilivyokuwa nikifundisha mimi, tena kwa utulivu ule ule, na chaki ile ile ya mtu ambaye hajapoteza kitu. Nilimdharau kwa jinsi alivyosema kweli huku anatafuna sambusa.

Kisha akatupa zoezi. Amesikia, akasema, kwamba katika mtaa wetu salamu ndiyo iliyokuwa tatizo. Basi tukae wawili wawili, mmoja asalimu, mwenzake aitikie, turudie mpaka mwili uzoee. Alitugawa kwa namna tulivyokaa. Mimi nikapangwa na Bi Rukia.

Tulikuwa hatujazungumza tangu siku ile. Alikuja matangani, alipika pamoja na wengine, aliosha vyombo, lakini hakuwahi kusimama mbele yangu. Sasa alikuwa amekaa magoti kwa magoti na mimi, mikono mapajani, bila vikuku.

"Assalaamu alaykum, Bi Rukia," nikasema.

Midomo yake ilisogea. Haikutoa kitu.

"Jaribu tena, mama," kijana akamwambia huku anapita. "Taratibu tu."

"Assalaamu alaykum."

Ukumbi mzima ulikuwa unasalimiana na kuitikiana, ungedhani ni siku ya Idi. Bi Rukia alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Nalijua ni yeye," akasema. "Sauti yake niliijua. Na yako. Mkono, Mwalimu. Nilikuwa nauambia fungua, ukakataa. Nilikuwa namwona Hamisi na singlendi yake."

"Najua," nikasema. "Nilisikia vikuku."

Akaanza kulia kwa sauti. Kijana akarudi mbio, akamshika bega, akawageukia wengine na kusema hiyo ni hatua nzuri, hisia zimeanza kutoka. Akampa karatasi ya kufuta machozi na kunipongeza mimi kwa kumsaidia mwenzangu. Nilisimama nikaenda zangu nyumbani kwa miguu.

Nimekuwa na miaka ya kutosha kutafuta wa kumchukia. Nimewachukia waliofyatua, kila mmoja wa pande zote mbili, na sitaki kuachishwa. Nimemchukia aliyewafundisha salamu yetu, mtoto wa watu wa hapa hapa. Nimewachukia waliosema mlio ni wa mbali, hata Sefu nimemchukia kwa hilo, usiku ninapokosa usingizi, kwa sababu kama angeongeza mwendo kidogo tu tungekuwa tumefika kwetu. Kwa Bi Rukia chuki yangu hugota. Nilifundisha somo lile kwa miaka mingi na sikuwahi kuona mwanafunzi aliyefundishwa kwa ukatili zaidi yake, wala aliyeshika vizuri zaidi.

Siku hizi mlango wake haufungwi. Aling'oa komeo kwa mikono yake akalitupa. Mpwa wake akaja akaweka jingine, akaling'oa na hilo. Ameibiwa redio, ameibiwa mtungi wa gesi, majirani wanamsema kwamba uzee umemwingia vibaya. Ukipita saa yoyote mlango umerudishwa tu, na ukiusukuma kwa kidole unafunguka.

Wenye bunduki walitoa hotuba. Wataalamu walitoa vyeti. Katika wote waliokuwa na mkono katika kifo cha ndugu yangu, Bi Rukia peke yake ndiye aliyeng'oa kitu chake mwenyewe. Hilo halinirudishii Sefu, na mimi sijaweza kuingia humo ndani. Nikifika pale huvua viatu asisikie hatua zangu, nikapita kimya, na kwenye upenyo wa mlango namwona alivyokaa nyuma yake akisubiri mtu asukume.